Shajara ya mradi: mashine ya mayai ya kasa, Mbagala hadi Kimbiji

Februari 18, 2024

Mjomba kapiga simu kutoka Kimbiji, kijiji cha pwani kusini mwa Dar. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, halafu akaingia kwenye lake: "Hiyo mashine yako ya kuku, nikikuletea mayai ya kasa, yatatotoa?" Nikamjibu yai ni yai, mjomba. Sentensi hiyo naiandika hapa makusudi, nije niicheke baadaye.

Kwa wageni wa shajara hii: natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, karakana yangu iko Mbagala. Mashine kubwa niliyowahi kuuza ilibeba mayai 1,056. Mjomba yeye ni mvuvi mstaafu, siku hizi ni mmoja wa walinzi wa viota vya kasa ufukweni kwao. Anatembea na tochi usiku, anatafuta nyayo, anaweka alama. Shida yake ni kwamba viota vingine vinatagwa chini mno, bamvua likija, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapita juu. Vingine vinafukuliwa na mbwa, kaa nao hawana huruma. Anaona mayai mia na zaidi yanapotea kwa usiku mmoja, na huku mpwa wake anatotolesha kuku kwa maelfu.

Hesabu yangu ya haraka: boksi la plaiwudi, hita ndogo, feni, kidhibiti joto, trei inayogeuza. Wiki mbili, kazi imekwisha.

Februari 25

Mashine imekufa kabla sijakata ubao.

Nilimtafuta dada mmoja mtafiti wa viumbe wa bahari ambaye mumewe aliwahi kununua mashine kwangu. Akanisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza swali moja: "Hiyo trei inageuza kila baada ya muda gani?" Nikasema kila saa mbili, kwa fahari. Akasema, "Basi utawaua wote kabla ya siku ya tatu."

Hili lazima nilieleze taratibu, kwa sababu ndilo lililonikata maini. Yai la kuku ukilivunja unaona vile viuzi viwili vyeupe vilivyojisokota, kimoja kila upande wa kiini. Vinakishikilia kiini katikati, hivyo ukiligeuza yai, kiini kinabaki mahali pake. Tena tunageuza ili kiinitete kisigande kwenye ganda. Ndiyo kazi yote ya trei yangu, hadi siku ya 18, halafu tunaacha, siku ya 21 wanatoka.

Yai la kasa halina viuzi hivyo. Likiwa bado tumboni mwa mama, kiinitete kimesimama, hakikui, kama gari lililozimwa taa nyekundu. Likishatagwa tu, ukuaji unaendelea. Ndani ya saa chache kiinitete kinapanda juu na utando wake unagandamana na ganda upande wa juu. Kugandamana huko, ambako kwa kuku ni ugonjwa, kwa kasa ndiyo afya yenyewe. Siku ya pili unaona doa jeupe juu ya yai: hapo ndipo amejishika. Ukiligeuza sasa, utando unachanika, na mwenye yai amekwisha. Mtafiti Colin Limpus na wenzake kule Queensland, Australia, walilionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa mayai ya duvi, aina moja ya kasa, na tangu hapo sheria ya kuhamisha kiota imekuwa ni kukimbizana na saa. Ndani ya saa mbili ni salama, ukifika saa sita umeshachelewa, baada ya hapo bora uliache lilivyo.

Kwa hiyo kifaa ninachojivunia kuliko vyote katika mashine yangu, kwa kasa ni kinu cha kusagia watoto.

Joto nalo. Mimi naweka nyuzi 37.5. Mayai ya kasa yanataka kati ya 25 na 33 hivi, ukisogea 35 unaanza kuzika. Hilo halikunisumbua, kidhibiti kinashuka. Nikamwambia dada, basi naweka 29, naondoa trei, nimemaliza. Akacheka. "Ukiweka 29 umeamua nini?" Sikuelewa swali.

Februari 27

Nimelielewa swali.

Kuku ni dume au jike tangu yai linapotungwa, mashine haina la kusema. Kasa hana utaratibu huo. Jinsia yake inaamuliwa na joto la mchanga, katika theluthi ya kati ya siku za kuatamiwa. Karibu na nyuzi 29 wanatoka nusu kwa nusu. Ukishuka nyuzi moja na nusu au mbili, karibu wote ni madume. Ukipanda kiasi hichohicho, karibu wote ni majike. Tofauti ya nyuzi tatu au nne tu kati ya ukoo wote wa kiume na ukoo wote wa kike.

(Kwa wafugaji wanaosoma: ndiyo, nami nimewaza hivyohivyo. Laiti kuku wangekuwa hivi! Ningeuza mashine ya mitetea watupu, jogoo mmoja kwa oda maalumu, na leo ningekuwa naishi Masaki.)

Sensa ninayotumia, yaani kipima joto cha umeme, ni DS18B20, ile ya waya mrefu yenye kichwa cha chuma. Karatasi yake inasema inaweza kukosea nusu nyuzi juu au chini. Kwa vifaranga wa kuku, nusu nyuzi hakuna anayeiona. Hapa, nusu nyuzi kwa mashine inayosimama karibu na 29 inakula sehemu kubwa ya madume au ya majike bila mtu kujua, kwa sababu vitoto vya kasa ukivitazama kwa nje vyote ni sawa. Huna pa kuona kosa lako. Kasa huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kabla ya kutaga. Kosa la leo litaonekana wajukuu wangu wakiwa mafundi.

Machi 3

La sheria, tulimalize. Kasa wanalindwa, mayai yao pia, na hakuna kuchukua hata moja "kujaribia" bila kibali. Anayehamisha kiota ni mlinzi aliyefunzwa na aliyeruhusiwa, kama mjomba. Mimi siyagusi. Kwa hiyo majaribio yangu ni ya mchanga mtupu. Mradi umebadilika: badala ya kutengeneza mashine, napima kila mahali ambapo mtu anaweza kufikiria kuyaweka mayai, nione joto linasemaje.

Nimechukua Kariakoo sensa kumi, kadi za kumbukumbu, betri na makasha ya plastiki ya umeme. Sensa zote nimezitumbukiza pamoja katika ndoo ya barafu inayoyeyuka, ambamo zinapaswa kusoma sifuri. Saba zilikaa karibu, mbili zilikosea karibu nusu nyuzi, moja ilikosea zaidi nikaitupa. Kila moja nimeibandika kikaratasi cha kosa lake. Mke wangu kauliza kwa nini ndoo ya kuogea imejaa waya.

Machi 24

Wiki tatu za kupima zimeisha. Sehemu nne:

Mchanga wa ufukwe ulio wazi, Kimbiji, kina cha sentimita 70, ambacho ndicho kina cha tumbo la kiota cha kasa: nyuzi 30 na pointi kadhaa, mchana na usiku. Jambo lililonishangaza ni utulivu wake. Juu mchanga unaunguza nyayo saa saba mchana, ukichimba kufika begani hakuna anayejua kama kuna jua. Msitari kwenye grafu umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Mchanga huohuo, chini ya kivuli cha makuti: karibu nyuzi moja chini yake.

Boksi jeupe la povu gumu, lile la kubebea samaki, limejazwa mchanga na kuwekwa sebuleni kwa mjomba: chini ya 28.

Boksi la aina ileile, kutoka duka lilelile, chini ya bati la karakana yangu Mbagala: linacheza kutoka 26 alfajiri hadi 31 jioni.

Sasa tazameni hayo mawili ya mwisho. Mtu akikuambia "sisi tunatotolesha kwenye maboksi", bado hajakuambia kitu. Boksi sebuleni ni la madume. Boksi chini ya bati sijui ni la nani. Njia si chombo, njia ni chombo na mahali kilipo.

Na si kwamba nimegundua dunia. Kule Suriname walikuwa wakiokoa mayai ya kasa kwa kuyaweka kwenye maboksi kama haya, kwa nia njema kabisa, na vitoto vilitoka vingi vya kupendeza. Mwaka 1982 mtafiti Nicholas Mrosovsky akaonyesha kwamba maboksi yalikuwa na ubaridi kuliko ufukwe, nyuzi moja na kitu, na yalikuwa yakielemea kwenye madume. Kule Texas nako, kuanzia 1978, walikuwa wakipokea mayai ya kasa wa Kemp, aina nyingine ya kasa, kutoka Rancho Nuevo, Mexico, wanayaatamia ndani ya maboksi yenye mchanga wa Padre Island, ufukwe wa hapohapo Texas, ili vitoto vijue harufu ya kwao. Miaka ya mwanzo madume yalizidi, ndipo wakapandisha joto. Watu wasomi, wenye vyombo kuliko vyangu. Nimejisikia nafuu kidogo.

Aprili 7

Sijalala. Naandika nikiwa kibarazani kwa mjomba, mchanga bado uko kwenye kucha.

Nilifika jana jioni kwa njia ya Kibada na Mwasonga, kubadilisha betri. Mwezi haupo kabisa, kesho kutwa ni mwandamo, kwa hiyo bamvua. Saa saba usiku mjomba akanigusa bega. Kasa alikuwa anafukia. Tukakaa nyuma yake mbali, tochi zimezimwa, tukisikia tu mchanga unarushwa, pwaa, pwaa, na pumzi nzito kama ya mzee anayepanda ngazi. Alikuwa ametaga chini kabisa, hatua sita tu kutoka mwani uliotupwa na maji ya jana. Juu yake kulikuwa na ukuta. Mtu kajenga uzio wa mawe hadi kwenye mchanga, na kasa alipofika hapo akagonga, akageuka, akachimba pale alipoweza. Nyayo zake zilionyesha wazi: kupanda, kugonga, kupinda.

Maji kujaa ilikuwa kabla ya saa kumi. Mama alipoingia baharini, mjomba akatazama saa, akasema bismillahi, akapiga magoti.

Nilidhani atafukua. Anachofanya ni kama kumtoa mtoto usingizini. Mkono mmoja unachota mchanga, mwingine unasikiliza. Alipofika kwenye yai la kwanza alinyamaza, hata mimi akaninyamazisha kwa kiwiko. Ndoo ilikuwa tayari ina mchanga mbichi wa palepale. Yai linatoka kati ya vidole viwili na gumba, halizunguki hata kidogo, linawekwa lilivyokuwa. Ni la mviringo kama mpira wa tebo tenisi, laini kama ngozi, na mengi yana kibonyeo kidogo ambacho mgeni angedhani limeharibika. Nikashika tochi nyekundu na kuhesabu: 118.

Tulipobeba ndoo, tuliibeba wawili, mshipi katikati, na mjomba akinikemea kila nikiongeza mwendo. "Usiibembeze. Umebeba maji ya mgonjwa." Mita mia mbili kwa dakika kumi na tano.

Shimo jipya lilikuwa limechimbwa mapema, ndani ya uzio wa wavu juu ya mstari wa bamvua. Umbo lake ni mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana, kina hadi begani kwa mjomba. Nikauliza kwa nini asichimbe shimo la kawaida, pipa tu. Akasema mama wa kasa hachimbi pipa. Jibu la dada mtafiti lilikuwa refu zaidi lakini ndilo hilohilo: kina na umbo ndivyo vinavyoshika joto na unyevu na kuacha hewa, na mayai yenyewe yakikua yanatoa joto lao, hasa mwishoni, hivyo ukiyarundika vibaya yale ya katikati yanapikana.

Yai la mwisho liliingia saa tisa kasorobo. Tukafukia mchanga mbichi kwanza, mkavu juu. Sensa mbili nimeziweka nusu mita pembeni ya kiota, kina kilekile, si ndani yake. Nikafungua kasha, taa ya kijani ikawaka. Shangazi akatuita daku.

Maji yalifika kwenye kile kiota cha zamani saa kumi kasoro. Yalikifunika, yakarudi, yakakifunika tena.

Aprili 21

Mjomba kapiga saa tano usiku, sauti inatetemeka. "Mpwa, mchanga umefika themanini na tano."

Nikacheka hadi nikaona aibu. Themanini na tano ni namba ambayo DS18B20 huitoa inapoamka, kabla haijapima chochote. Maana yake umeme umeyumba, sensa imezimika na kuwaka. Mafundi mnaijua, na ile ya hasi 127 ambayo ni waya umekatika. Lakini fikiria mzee aliyebeba mayai 118 kama maji ya mgonjwa, anafungua kasha usiku wa mvua anaona 85.

Tatizo ni langu. Nilifunga kiungo cha waya kwa gundi ya moto, na hewa ya chumvi haijali gundi ya moto. Ndani kilikuwa kijani. Nimebadilisha kwa mpira unaonywea ukipashwa joto na silikoni, kasha nimelipindua mdomo chini. Siku mbili za data zimepotea.

Mei 5

Kimbunga Hidaya kimetupita. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimepoteza nguvu kilipoingia nchi kavu Mafia, lakini mvua na mawimbi yametufikia Dar vilivyo. Nilikuwa nimekaa Mbagala nikisikiliza bati, nikiwaza wavu.

Wavu umesimama. Ule ufukwe wa chini, karibu na ukuta, umekatwa kama keki, urefu wa goti. Kiota kingebaki pale, hivi leo kingekuwa baharini.

Na data. Kabla ya mwisho wa Aprili mchanga ulikuwa umekaa juu kidogo ya 29. Mvua za mfululizo zikaushusha taratibu, na baada ya kimbunga msitari umedondoka hadi 27 na nusu, halafu umekaa hapo. Nikahesabu siku kwa vidole. Kiota kina siku 28. Theluthi ya kati imeanza tangu siku ya 19 au 20.

Yaani mbingu imegeuza swichi hasa pale swichi inapofanya kazi.

Nilimpigia dada mtafiti nikiwa na msisimko, nikamwambia basi wote ni madume. Akanipunguza. Sensa zangu ziko nje ya kiota, ndani kuna joto la mayai lenyewe, linaweza kuongeza. Labda madume yamezidi, hilo ndilo unaloweza kusema. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwenye ukuta wa karakana: mvua kama hizi ndizo zinazoleta madume. Kule kaskazini ya Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kati ya kasa wadogo wanaotoka fukwe za joto za upande huo, zaidi ya asilimia 99 ni majike. Miongoni mwa wakubwa, waliozaliwa zamani, majike ni asilimia 87 hivi. Mchanga umepata joto, madume wamekwisha. Kwa hiyo baridi ya kimbunga, ambayo mimi niliiona kama hitilafu, huenda ilikuwa mgawo.

Hapo ndipo wazo la makuti likanirudia. Tangu Machi nilikuwa nikimshawishi mjomba aezeke uzio wote, kwa sababu wazi ilikuwa 30. Kama tungeezeka, na Hidaya akaja, tungekuwa wapi? Labda 26. Sasa nimemwambia tusiezeke. Kivuli kiwe cha kuhama, kiwekwe sensa ikionyesha hatari, kitolewe. Kaniambia, "Wewe mwezi wa tatu ulisema lingine." Kweli.

Mei 19

27.9. Hakuna jipya. Betri nzuri. Mbwa mmoja kazunguka wavu, kaondoka.

Juni 7

Juzi mjomba alisema mchanga juu ya kiota umebonyea, kama sufuria iliyopigwa. Vitoto vimeshaanguliwa chini na vinapanda, kila kimoja kikiangusha mchanga kutoka juu na kuukanyaga chini, ndiyo maana juu panazama. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa na wanaifanya pamoja, mmoja peke yake hawezi. Hili nalo boksi la kina kifupi linawanyima. Wanatoka upesi, tumboni bado wana mabaki makubwa ya kiini ambayo yangefyonzwa wakati wa kuchimba.

Nilifunga karakana jana mchana. Magharibi tukatoa upande wa wavu unaotazama bahari. Tukakaa.

Saa mbili na robo pua moja. Mchanga ulikuwa umepoa, hiyo ndiyo ishara yao, wakisikia juu kuna joto wanatulia. Pua ikakaa bila kusogea dakika nyingi hadi nikadhani amekufa. Kisha pembeni yake ukatokea mkono mweusi wenye ukingo mweupe, na ghafla mchanga wote ukachemka. Siwezi kusema vingine. Ulichemka kama uji.

Kasoro ikawa upande wa kaskazini, ambako anga ya Dar inang'aa hata ukiwa Kimbiji. Karibu kumi wa kwanza walianza kupinda huko, na taa ya kibaraza cha yule mwenye ukuta ikazidi kuwaita. Mjomba hakuwabeba. Alikwenda akasimama kati yao na taa, na shuka la shangazi limetandazwa mikononi, kama mtu anayekinga upepo. Wakageuka. Kuwabeba kwenye ndoo anakataa katakata, na hapa nakubaliana naye kwa hoja ya kifundi: wanatoka na betri iliyojaa, ya kuogelea usiku na mchana bila kusimama hadi wavuke maji ya samaki wakubwa. Kila saa wanayopapatika ndani ya ndoo ili watalii wapige picha, wanaitumia betri hiyo.

Maji yalikuwa yametoka mbali, safari ikawa ndefu. Mmoja aliangukia kwenye unyayo wangu, chali. Nikahesabu kimoyomoyo kama ninavyojaribu mota: moja, mbili, tatu, nne, akarusha shingo nyuma, akapinduka, akaendelea. Watafiti hupima jambo hilohilo, sekunde za kujipindua. Waliotoka kwenye mchanga wenye joto jingi mara nyingi huwa wadogo wa mwili na wazito wa kiini, hujipindua na kutambaa polepole. Waliotoka kwenye ubaridi wa wastani huchukua siku nyingi zaidi ndani, lakini huja na gamba refu. Wetu wamechukua siku 60.

Juni 10

Mjomba amefukua kiota kuhesabu, ruhusa anayo. Maganda matupu 96. Viinitete vilivyokufa njiani 13, vingi vikiwa vya hatua za mwisho. Mayai yasiyoonyesha dalili yoyote 9. Hayo tisa nimeyafikiria sana. Dada anasema hayatuambii kama hayakurutubishwa au yalikufa siku ile ya ndoo.

Kisha likaja swali nililokuwa nikiliogopa. "Haya fundi. Madume au majike?"

Nikamwambia mjomba, kwa kitoto cha saizi ile njia iliyozoeleka ya kupata uhakika ni kumpasua na kutazama kwa hadubini. Akanitazama muda mrefu. "Basi andika, tisini na sita."

Nimeandika.

Julai 14

Kufunga hesabu za msimu. Mashine haipo na haitakuwepo. Kilichopo ni vijiti sita vya kupima joto, urefu sentimita 80, kila kimoja na kikaratasi chake cha kosa, na ratiba ya kivuli ambayo mjomba anaielewa kuliko mimi. Kama kuna kiota kilicho juu ya bamvua, hakiguswi kabisa. Kama kiko chini, kinahamishwa ndani ya saa mbili, kwenye mchanga, kina chake na umbo lake. Boksi ni kwa siku ambayo hakuna mchanga, na siku hiyo bado sijaiona. Kule Pangani, kisiwa cha Maziwe kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji, na mayai yanayotagwa pale hupelekwa bara, Ushongo. Hata wao wanayazika tena ufukweni.

Boksi la sebuleni shangazi amelichukua, anauzia barafu.

Leo kaja mama mmoja wa Chamazi, anataka mashine ya mayai 528, na amesisitiza trei igeuze yenyewe, hataki ya mkono. Nimemwambia kila saa mbili, bila wasiwasi. Naanza kukata ubao kesho.